Mboga za Majani: Maji ya Kutunza na Maji ya Kumwaga

Katika nyumba nyingi mboga za majani zina njia moja tu ya kufika mezani. Zinakatwa, zinaoshwa baada ya kukatwa, zinachemshwa mpaka zinalegea kabisa, zinakamuliwa, maji yanamwagwa nje, halafu zinaungwa kwa mafuta mengi na chumvi ya kutosha ili zipate tena ladha. Mtoto akizisogeza pembeni ya sahani anaambiwa anadeka. Hadeki. Ladha iliondoka na yale maji ya kijani yaliyomwagwa uani, na vitamini nyingi zikaondoka nayo.

Mwongozo huu unahusu mboga tunazokula kila siku: mchicha, matembele, sukuma wiki, majani ya maboga, kisamvu, mnavu, mlenda, bamia, kabichi na wenzao. Kabla hujawasha jiko, jua kwanza kama maji ya mboga hiyo ni ya kutunza au ya kumwaga. Ukishajua hilo, mengine yanafuata: sufuria gani, moto kiasi gani, kifuniko kiwepo au kisiwepo.

Kinachopotea na kinachobaki

Vitamini C na foleti, hii ya pili ikiwa ndiyo ile ambayo wajawazito hupewa vidonge vyake kliniki, huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Madini ya chuma na kalsiamu hayaharibiwi na moto, ila nayo kwa kiasi fulani huhamia kwenye maji ya kuchemshia. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ina tabia yake. Haiyeyuki kwenye maji, inavumilia moto kuliko vitamini C, na mwili huipata vizuri zaidi jani likishapikwa na kukutana na mafuta kidogo.

Kwa hiyo anayesema mboga mbichi ndiyo bora kuliko zote anasema nusu ya habari. Na anayekula mchicha chukuchuku bila tone la mafuta kwa sababu anapunguza mwili, anajinyima karotini aliyoinunua kwa pesa yake. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta kwa sufuria ya watu wanne vinatosha. Kijiko kimoja kina kalori kama 120, hivyo kila mlaji anapata kama 60 tu. Tatizo letu siyo mafuta, ni mafuta ya kumimina kwa jicho moja kwa moja kutoka kwenye dumu.

Kuanzia gengeni

Nunua mboga siku unayoipika, au jana yake jioni. Jani linaponyauka halipotezi maji tu, vitamini C nayo inashuka kila saa inayopita, na jua la mchana huharakisha mambo. Kwenye mchicha vunja bua moja kwa vidole: likikatika kwa mlio, ni mchanga, likipinda na kuacha nyuzi, umekomaa na utatafuna kamba. Matembele chagua ncha zenye majani madogo. Sukuma wiki iwe na jani gumu kidogo, la kijani iliyokolea, lisilo na madoa ya njano.

Halafu kuna hili la kukatiwa. Pale gengeni au kwa mama mboga, sukuma wiki inakatwa nyembamba sana huku mnaongea, inatiwa kwenye mfuko, unaenda nayo nyumbani unaiosha. Ni huduma nzuri, lakini kila mkato ni mlango, na ukiosha baada ya kukata unazisuuza vitamini zitoke kupitia milango hiyo. Omba upewe nzima. Kama ni lazima ukatiwe kwa sababu unarudi usiku na umechoka, mwambie akate mapana na aoshe kwanza, kisha uipike jioni hiyohiyo.

Huna friji? Zifunge mboga kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ziweke mahali penye kivuli na hewa. Mwenye friji azitie kwenye mfuko pamoja na kipande cha karatasi kavu bila kuziosha, maana maji yanayobaki kwenye majani ndiyo yanayoziozesha.

Kuosha, halafu kukata

Mchicha hubeba mchanga, hasa wa msimu wa mvua, na hakuna kinachoharibu mlo kama chembe ya mchanga chini ya jino. Watu wengi hujaza beseni, wanakoroga, kisha wanainamisha beseni kumwaga maji. Hapo mchanga uliokuwa umetulia chini unarudi juu ya majani. Fanya hivi:

1. Chambua kwanza: toa mizizi, majani ya njano na yaliyotobolewa na wadudu. Mabua machanga yaache, yana utamu wake.
2. Jaza beseni maji mengi, tia majani, yazungushe kwa mkono, kisha yaache yatulie kwa dakika moja au mbili.
3. Opoa majani kwa mikono miwili bila kugusa chini, yatie kwenye beseni la pili. Mwaga maji ya kwanza na uangalie kilichobaki chini.
4. Rudia mpaka sehemu ya chini ya beseni ikiguswa kwa kidole haina mchanga. Mara tatu huwa zinatosha.
5. Suuza mara ya mwisho kwa maji safi, bora yakiwa yanatiririka, kisha weka kwenye chujio au ungo yachuruzike.

Usiloweke mboga nusu saa kwenye maji ya chumvi ukidhani unaondoa dawa zote za shambani. Kuosha vizuri kunapunguza kilichoko juu ya jani, lakini hakutoi kilichoingia ndani. Kwa mboga zilizomwagiliwa maji ya mito ya mjini, osha kwa bidii na upike zichemke. Hizo usizile mbichi.

Majani ya maboga yana kazi ya ziada. Vunja ncha ya kikonyo, ushike ule utando mwembamba wenye vinyweleo na uuvute kuelekea kwenye jani. Utatoka kama uzi mrefu. Fanya hivyo pande zote za kikonyo. Ukiruka hatua hii mboga itakwaruza koo hata ukiitia nazi nzima.

Kata baada ya kuosha, na usikate nyembamba mno. Mchicha mchanga hauhitaji hata kisu, unaukatakata kwa mkono mara mbili. Mabua weka upande wake, yataingia sufuriani kabla ya majani. Kitunguu saumu kiponde mwanzoni kabisa na ukiache kikae kama dakika kumi wakati unaendelea na mengine. Harufu na vile viini vyake vya afya hutengenezwa pale kinapopondwa, na kikiingia motoni papo hapo kazi hiyo inakatizwa.

Kuunga bila kuchemsha: njia ya mboga nyingi

Hapa maji ni ya kutunza, tena hutii maji kabisa. Mboga inapikwa na yale matone yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha. Njia hii inafaa mchicha, matembele, majani ya maboga, kunde machanga, figiri na majani ya chainizi.

Kwa watu wanne chukua kama nusu kilo ya mchicha uliochambuliwa. Itaonekana ni mlima, itashuka. Andaa kitunguu maji kimoja, nyanya mbili zilizoiva sana, karoti moja ndogo ya kukwangua ukipenda, punje mbili au tatu za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu.

Tumia sufuria pana au kikaango kikubwa. Sufuria nyembamba iliyojaa majani hadi juu haikaangi, inachemsha. Majani ya chini yanatokota kwenye maji ya wenzao wa juu. Pasha mafuta kwa moto wa wastani, tia kitunguu, kikaange dakika nne au tano mpaka kilainike na kuanza kupata rangi pembeni. Usikimbize hapa, utamu wa mboga nzima unatokana na kitunguu hiki. Tia kitunguu saumu, koroga kwa nusu dakika, kisha nyanya. Nyanya zipondeke, maji yake yakauke, mafuta yaanze kuonekana kando ya rojo. Nyanya iliyoiva hivi ndani ya mafuta inatoa likopini, ile rangi yake nyekundu yenye faida, kwa wingi kuliko nyanya mbichi. Nyanya ambayo haijaiva inaacha ukali unaowafanya watu waongeze sukari au chumvi.

Sasa ongeza moto. Tia mabua, geuza kwa dakika moja. Tia majani kwa mafungu mawili: la kwanza likianza kulala, ongeza la pili. Geuza kutoka chini kwenda juu, bila kufunika. Dakika tatu hadi nne zinatosha. Utajua imeiva kwa macho: jani limelala lakini bado ni la kijani ng'avu, bua ukilitafuna lina ukinzani kidogo, na chini ya sufuria kuna maji machache tu yaliyochanganyika na rojo. Likigeuka kijani cha kaki, umechelewa. Tia chumvi sasa, ipua, kisha kamulia ndimu sufuria ikiwa imeshatoka jikoni.

Ndimu ina sababu mbili za kuja mwishoni. Uchachu ukikaa na majani motoni huyafifisha rangi. Pia vitamini C ya ndimu mbichi husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na maharage, ambayo peke yake hufyonzwa kwa shida. Ukipika ndimu, unapunguza msaada huo.

Matembele yanakwenda kasi zaidi, dakika mbili au tatu. Majani ya maboga na kunde yanataka sita hadi nane, na unaweza kunyunyiza vijiko viwili vitatu vya maji kisha ufunike kidogo ili mvuke uyalainishe.

Sukuma wiki na kabichi

Wenyewe wa sukuma wiki watanivumilia: nusu saa jikoni ni adhabu. Toa ule mshipa mnene wa katikati, ukate mdogomdogo uingie kwanza, dakika mbili, kisha majani yenyewe kwa dakika tano hadi saba juu ya moto mkali wa kikaangoni. Ni mboga yenye kalsiamu ambayo mwili huipata kirahisi, tofauti na spinachi nitakayoieleza chini, hivyo hakuna sababu yoyote ya kuichemsha na kumwaga maji.

Kabichi ikipikwa sana hutoa harufu nzito ya salfa inayoingia hadi chumbani. Ikipikwa kwa kasi haitoi. Kata vipande vya upana wa kidole, si nyuzi, kaanga kwenye mafuta ya moto na kitunguu, karoti na hoho kwa dakika nne au tano, tia binzari nyembamba kidogo na pilipili manga. Nyanya siweki, maana kabichi ina maji yake na nyanya inaigeuza mchuzi.

Tui la nazi na karanga

Ukipika kwa nazi au karanga, mafuta yako tayari yamo. Hapa ndipo mboga nyingi za pwani na za bara zinapozidi: kitunguu kimekaangwa kwa mafuta mengi, halafu tui zito zima, na juu yake siagi. Chagua kimoja.

Kwa nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha utie maji ya uvuguvugu kwenye chicha na ukamue tui jepesi. Chemsha kitunguu, nyanya, kitunguu saumu na pilipili nzima ndani ya tui jepesi mpaka lipungue nusu na kuwa zito. Ndipo utie majani kwa dakika zilezile nilizotaja, na mwisho kabisa kikombe kidogo cha tui zito. Koroga taratibu kwa moto mdogo, likianza kutokota tu ipua. Likichemka kwa nguvu bila kukorogwa linakatika na mafuta yanajitenga. Mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda, kwa hiyo mboga ya kila siku ipikwe kwa tui jepesi, na tui zito lingoje siku ya wageni.

Karanga zina kosa moja la kawaida: mchicha na karanga huingia pamoja na kuchemka nusu saa, kwa kuwa karanga za kusaga zikiwa mbichi zinahitaji muda. Geuza mpangilio. Koroga karanga za kusaga, vijiko vinne hadi vitano vya chakula, kwenye maji baridi ziwe uji mwepesi usio na madonge. Zimimine juu ya rojo la kitunguu na nyanya, pika kwa moto mdogo dakika kumi hadi kumi na tano huku ukikwangua chini kwa mwiko, maana zinashika haraka sana. Harufu ya ubichi ikiisha na mafuta ya karanga yakianza kung'aa juu, ndipo majani yaingie kwa dakika nne za mwisho. Karanga zimeiva, mchicha bado ni wa kijani.

Karanga zenyewe zichambue kabla ya kusaga. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupe bila huruma. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondolewi na moto wa kawaida wa jikoni, na unga wa karanga wa bei ya kutupwa mara nyingi ndiko punje mbovu zinakoishia.

Zile za kumwaga maji

Kisamvu ndiyo mboga isiyokubali haraka yoyote niliyoisifu hapo juu. Majani ya mhogo yana viini ambavyo jani likipondwa hutoa sayanidi, na hiyo ni sumu ya kweli. Kisiliwe kibichi, kisikaangwe juujuu kama mchicha, na mtu yeyote anayekutangazia juisi ya kisamvu kibichi mkatalie. Utaratibu wa bibi zetu ulikuwa sahihi, na kila hatua ina kazi yake:

1. Chuma majani machanga ya juu, toa vikonyo, osha.
2. Twanga kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, au saga kwa mashine. Kutwanga siyo kwa ajili ya ulaini tu: kunavunja jani ili vile viini vikutane na kimeng'enya chao, yaani kichocheo kilichomo humohumo ndani ya jani, na kuanza kutoa sumu hewani. Kitunguu saumu na nyanya chungu mbili tatu zinaweza kutwangwa humohumo.
3. Kitandaze kilichotwangwa kwenye sinia kikae kwa muda wakati unaandaa jiko, usikibane kwenye mfuko uliofungwa.
4. Chemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi. Kifuniko kinarudisha ndani kile unachotaka kitoke. Baada ya robo saa mwaga maji ya kwanza, hasa kama hujui ni mhogo mtamu au mchungu.
5. Tia maji mapya, endelea kuchemsha, bado wazi, mpaka kilainike na harufu ya jani bichi iishe, kama dakika 45 hadi saa nzima.
6. Ndipo uunge kwa tui, karanga, au maharage na kunde zilizokwisha kuiva.

Kisamvu cha mpira, yaani majani ya mti wa jamii ya mhogo, kinafuata utaratibu huohuo. Walio Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanaonunua kisamvu kilichogandishwa kwenye maduka ya Kiafrika wasidanganywe na barafu: kimetwangwa, hakijapikwa. Kule mashariki ya Kongo, ambako kinaitwa sombe, mpishi hakimbizi sufuria hii hata kidogo.

Unachopoteza ni vitamini C na foleti. Protini ya jani hilo, madini na karotini nyingi vinabaki, na ndiyo maana kisamvu kinabaki kuwa mboga ya maana. Weka kachumbari pembeni, ile vitamini C inarudi kupitia mlango mwingine.

Mnavu, ambao Kenya wanauita managu, una uchungu, na wapenzi wake wanataka uchungu huo. Chagua majani tu. Vitunda vya kijani ambavyo havijaiva usiviache viingie sufuriani, vina sumu yake. Kama mnavu ni mchungu kupita kiasi, chemsha dakika tano, mwaga maji, kisha uunge. Maziwa badala ya nyanya, kikombe kimoja kilichopikwa hadi kupungua, huupoza uchungu kuliko sukari yoyote. Mgagani, au saga, unakubali maziwa vilevile.

Spinachi ya sokoni kwetu, ile yenye bua nene jeupe, ni ndugu wa bitiruti. Ina oksaleti nyingi zinazoshika kalsiamu isitumike mwilini, na mchicha unazo pia. Kwa mtu mzima mwenye afya anayebadilisha mboga, hilo si la kumkosesha usingizi. Aliyewahi kupata mawe ya figo ndiye anayepaswa kuchemsha dakika mbili au tatu kwenye maji mengi, kumwaga, kisha kuunga.

Magadi, mlenda na bamia

Magadi huchimbwa kwenye maziwa kama Magadi na Natron, na yana kazi mbili jikoni: kulainisha jani gumu na kulifanya likae kijani. Rangi hiyo inadanganya, kwa kuwa magadi huharibu vitamini C na vitamini B1 kwa kasi, na yana sodiamu ambayo mwenye shinikizo la damu haihitaji. Kwenye mchicha, sukuma wiki au maharage machanga hayana kazi. Kwenye mlenda natambua kwamba kwa watu wa Dodoma na Singida mlenda bila magadi ni mjadala. Basi iwe chembe ndogo, ncha ya kisu kwa sufuria nzima, itiwe kwenye maji kwanza, na chumvi ipunguzwe kwa kiasi hicho. Mlenda mchanga uliokatwa vizuri, ukachanganywa na majani ya maboga na bamia, unavutika wenyewe.

Ukikausha mlenda au kunde za akiba, kausha kivulini penye upepo, siyo juani moja kwa moja. Jua kali hupausha jani na kuondoa karotini.

Bamia kwa asiyependa utelezi: zioshe nzima, zifute zikauke kabisa, zikaange nzima au zilizopasuliwa kwa urefu juu ya moto mkali bila kufunika, kisha tia ndimu au ukwaju. Utelezi huletwa na kukatwakata, maji na mfuniko. Kwa anayeupenda, afanye kinyume chake.

Mvuke na moto mkavu

Karoti, maharage machanga, brokoli, koliflawa na boga hazihitaji chombo maalumu cha mvuke. Tia robo kikombe cha maji kwenye sufuria yenye kifuniko kinachobana, chumvi kidogo, kijiko cha mafuta, panga mboga, funika. Karoti zilizokatwa vipande dakika sita hadi nane, maharage machanga sita au saba, brokoli nne. Ukifunua, maji yawe yamekauka na kubaki utando unaong'aa juu ya mboga. Hakuna cha kumwaga.

Biringanya lina tabia ya kunywa mafuta yote unayolitia. Lipeleke kwenye mkaa. Litoboe mara tatu nne, liweke juu ya makaa au kwenye moto wa gesi, ligeuze mpaka ganda liungue jeusi pande zote na ndani lilegee. Lifunike kwenye bakuli dakika kumi, menya, ponda kwa uma pamoja na kitunguu saumu, chumvi, ndimu na kijiko kimoja cha mafuta. Kwa ugali au chapati, nyama haitaulizwa. Mwenye oveni achome boga, karoti na hoho kwa nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 35, zikiwa zimetawanywa kwenye trei. Zikirundikana zinatoa jasho na hazipati ile rangi ya kahawia inayoleta utamu.

Ladha bila kijiko cha chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Viungo vya paketi vya kuongeza ladha vimejaa chumvi, hivyo anayevitumia asitie chumvi nyingine. Mimi ningependa visiingie kwenye mboga za majani kabisa: vinafanya mchicha, kunde na kabichi zote ziwe na ladha moja.

Badala yake kuna uchachu, wa ndimu, ukwaju au embe bichi lililokwanguliwa. Kuna pilipili mbuzi iliyoachwa nzima ielee kwenye rojo, ikatoa harufu bila kuwasha. Kuna tangawizi. Na kuna dagaa: kiganja kimoja cha dagaa wakavu waliotolewa vichwa, wakaoshwa kwa maji ya moto na kukaangwa kabla ya kitunguu, wanaipa sufuria nzima ladha ya mchuzi wa samaki, pamoja na kalsiamu ya mifupa yao. Uduvi unafanya kazi hiyohiyo kwa wenzetu wa pwani.

Baada ya kuipua

Mboga za majani zipikwe za kuliwa mlo huo. Zikibaki, zipoze haraka kwenye sahani pana, zitie kwenye friji, na kesho zipashwe mara moja tu, kiasi kitakacholiwa. Pasua yai ndani ya kiporo cha mchicha kikiwa kikaangoni, ni kifungua kinywa kamili.

Chai na kahawa zisubiri kama saa moja baada ya mlo, zinazuia madini ya chuma kufyonzwa. Hili ni la muhimu zaidi kwa wajawazito na wenye upungufu wa damu. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarin asianze ghafla kula majani mengi, wala asiyaache ghafla. Vitamini K iliyomo inagusa dawa hiyo, kwa hiyo ale kiasi kinachofanana kila wiki na amwambie daktari wake. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu ana utaratibu wake wa kuchemsha na kumwaga, na huo aupokee kliniki.